Umeme wa Rufiji wafurika, jenereta za Rau bado zanguruma

Na Mwandishi Wetu, Moshi

WENYE mashine za kukoboa mpunga, mabucha, wauza maziwa na wachomeleaji wa vyuma wa Rau na vitongoji vyake wana swali moja, nalo ni swali la haki: ikiwa Taifa lina umeme mwingi kuliko linaoutumia, kwa nini mtu bado anatenga fedha za petroli ya jenereta?

Hesabu za juu zinapendeza. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingizwa kwenye gridi ya Taifa Februari 2024 na wa mwisho mwaka 2025. Katika mwaka huo uwezo wa mitambo yote iliyounganishwa na gridi ulipita megawati 4,000, wakati matumizi ya juu kabisa yaliyopata kupimwa hayakuwa yamefika megawati 2,000. Kabla ya hapo, Aprili 2024, mvua zikiwa zimepamba moto, Serikali ilitangaza kwamba imezima mitambo katika vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulikuwa mwingi na wa kuutumia hakuna. Miezi miwili tu nyuma nchi ilikuwa ndani ya mgao ulioanza Septemba 2023.

Leo mgao, kesho mitambo inazimwa kwa ziada. Mfanyabiashara wa nafaka halioni jambo hilo kuwa la ajabu. Mpunga wa Mabogini na Chekereni ukishuka kwa pamoja, bei huanguka na mkulima hulia. Miezi michache baadaye gunia hilo hilo linatafutwa kwa tochi. Anayefaidi katikati ya nyakati hizo mbili ni mwenye ghala.

Shida ya umeme ni kwamba kwa kawaida hauna ghala.

Bidhaa isiyolala

Umeme unatumika sekunde ile ile unapozalishwa. Mitambo yote ya gridi, kuanzia Kidatu mpaka Rufiji, inazunguka kwa mwendo mmoja unaotoa mawimbi 50 kwa sekunde. Watu wakiwasha pasi na majiko kuliko kinachozalishwa, mwendo unapungua, wakizima, unaongezeka. Ukipotoka kidogo tu, mitambo hujikata yenyewe ili isiharibike, na mmoja ukijikata mzigo wake huwaangukia wengine. Hivyo ndivyo nchi nzima inavyoweza kuingia gizani kwa hitilafu iliyotokea mahali pamoja.

Kwa hiyo wanaoendesha gridi wanahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni akiba. Cha pili ni wepesi, yaani mitambo au wateja wanaoweza kupanda na kushuka haraka mara hali inapobadilika. Nchi inaweza kuwa na megawati za kutosha kwenye makaratasi na bado ikakosa vyote viwili mahali fulani, saa fulani.

Jua na upepo vimelifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Mradi wa umeme wa jua wa Kishapu, Shinyanga, ambao mkataba wa awamu yake ya kwanza ya megawati 50 ulitiwa saini mwaka 2023, unazalisha mchana. Familia za Kitanzania zinawasha taa, televisheni na pasi kuanzia saa moja jioni, jua likiwa limeshazama. Upepo nao una ratiba yake. Kenya waliunganisha shamba la upepo la Ziwa Turkana, megawati 310, mwaka 2018. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi yote ilizimika. Kenya Power ilisema Turkana ilipoteza ghafla megawati 270. Wenye shamba wakajibu kwamba hitilafu ilianzia kwenye gridi, wao wakajikata ili kujikinga. Hatuna sababu ya kuamua kesi hiyo hapa. Linalotuhusu ni kwamba megawati 270 zilipotoka hapakuwa na kitu chepesi cha kutosha kuziba pengo.

Jirani zetu hao hao wana kichekesho kingine. Usiku wa manane, Nairobi ikiwa imelala, mvuke wa Olkaria huachiwa uende hewani kwa kukosa mnunuzi. Jioni, kati ya saa kumi na moja na saa nne, umeme unapungua, na mwaka 2025 viongozi wa nchi hiyo walikiri kuwa baadhi ya maeneo yanakatiwa saa hizo. Wanamwaga usiku wanachokihitaji jioni.

Ghala liko hapa jirani

Watu wa Kilimanjaro hawahitaji kufundishwa kazi ya ghala la namna hii. Wachaga walichimba mifongo kutoka mitoni, na pale maji yalipokuwa machache mchana walijenga nduwa: bwawa dogo linalojaa usiku watu wakiwa wamelala na kufunguliwa asubuhi. Wapare wana ndiva. Maji hayakuongezeka hata tone, lakini mtu aliyepata mchirizi sasa alipata maji ya kufika mwisho wa shamba.

Nyumba ya Mungu ni nduwa ya aina hiyo hiyo, ila kubwa mno. Bwawa lilijengwa miaka ya 1960 kushika maji ya Kikuletwa na Ruvu, yaani maji ya Meru na Kilimanjaro. Lilipojengwa liliweza kushika mita za ujazo zipatazo bilioni 1.1. Mitambo yake ni ya megawati 8 tu, na wengi huishia hapo na kulidharau. Kazi yake kubwa iko chini. Maji yale yale yanayotoka hapo yanateremka Mto Pangani hadi Hale, kituo cha megawati 21 kilichozinduliwa mwaka 1964, kisha hadi New Pangani Falls, megawati 68, kilichofunguliwa mwaka 1995 kwa fedha za nchi za Nordiki. Vituo hivyo viwili vya chini havina bwawa la kusema. Ghala lao ni Nyumba ya Mungu. Ndoo moja ya maji inauzwa mara tatu kabla ya kufika baharini.

Sasa tuje Rau. Mto Rau unashuka kutoka mlimani, unapita pembeni mwa mji wa Moshi, unalisha mfereji wa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na kinachobaki kinaelekea Kahe na hatimaye Nyumba ya Mungu. Mradi ulipoanza kutoa mpunga mwingi, wakulima wa juu ya mfereji nao wakaona faida, wakafungulia maji wakapanda mpunga wao. Eneo lililokusudiwa na wapimaji halikupata maji yote yaliyoahidiwa. Ofisi ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, imekuwa ikiamua ugomvi wa namna hiyo tangu wakati huo. Mwenye mpunga anataka maji kwa ratiba ya mche. TANESCO inayataka kwa ratiba ya taa za jioni. Na tangu mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe ulipozinduliwa Machi 9, 2025, mabomba ya kunywa nayo yanachota Nyumba ya Mungu. Ongeza jua kali la tambarare lile, ambalo hunywa bwawa pana bila kulipa kibali.

Wanaosema tutumie bwawa hilo kama betri, tufungue jioni na kufunga mchana, wana hoja ya kihandisi. Lakini ghala lenye wadai wanne haliendeshwi na mhandisi peke yake.

Zipo nchi zilizojenga mabwawa mawili, moja juu na moja chini, na kupandisha maji kwa pampu umeme unapokuwa rahisi. Afrika Kusini inayo Drakensberg, megawati 1,000, tangu mwaka 1981, na Ingula, megawati 1,332, iliyokamilika miaka ya 2016 na 2017. Katika kupandisha na kuteremsha, karibu robo ya umeme hupotea. Baadhi ya wasomaji huuliza kwa nini tusifanye hivyo kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Jibu letu ni fupi: ardhi hiyo imejaa migomba, kahawa na makaburi ya wazee, na maji yenyewe yameshagawanywa. Isitoshe, hatuhitaji pampu. Uniti ya jua ikiingia mchana kutoka Kishapu, Mtera na Rufiji wanaweza kufunga mlango kidogo, na maji yaliyobaki yakauzwa jioni. Hiyo ndiyo betri ya bei ndogo kuliko zote Tanzania kwa kuwa imeshalipiwa.

Ili kuona ukubwa wa maghala haya, chukua mita moja ya ujazo ya maji, yaani simtanki ya lita 1,000. Iteremshe mita 100 kupitia mtambo mzuri. Utapata robo uniti hivi, au pungufu kidogo. Betri ya tindikali ya volti 12 na ampea 200 inayouzwa madukani ina uniti 2.4, na ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu. Kwa hiyo betri hiyo moja ni sawa na simtanki tano zilizo juu ya kilima cha mita 100. Maji ni ghala dhaifu kwa ndoo lakini halina mpinzani kwa bilioni za ndoo. Betri ni kinyume chake.

Msimu una bei yake

Jambo ambalo wafanyabiashara wachache wanalijua ni kwamba Tanzania ilikwisha kuweka bei ya wepesi huu. Utaratibu wa wazalishaji wadogo wa hadi megawati 10 ulipoanza, kwenye mwaka 2009, bei ya kuuzia TANESCO kwenye gridi ilipangwa kwa misimu: kiangazi, Agosti hadi Novemba, mzalishaji alipata asilimia 20 juu ya bei ya wastani, na miezi mingine asilimia 10 chini yake. Mwaka 2012, kwa mfano, wastani ulikuwa Sh. 152.54, kiangazi Sh. 183.05 na masika Sh. 137.29. Tofauti hiyo ya karibu shilingi 46 kwa uniti ndiyo kodi ya ghala. Mwenye kitu cha kuzalishia Oktoba alilipwa kwa subira yake.

Aliyekaa vizuri kwa hilo alikuwa TPC, kiwanda cha sukari cha Arusha Chini, kusini mwa mji huu, kilichokuwa miongoni mwa wa kwanza kusaini mkataba wa namna hiyo. Kinachoma makapi ya miwa, kinajiendesha chenyewe na ziada kinaiuza. Lundo la makapi uwanjani ni umeme uliolala. Halihitaji lithiamu wala bwawa, linahitaji uzio na mtu wa kuzuia moto. Wenye viwanda vya mbao na wakobozi wa mpunga wanaotupa pumba wangefaa kulitazama lundo hilo kwa jicho la biashara, ingawa kwa mkobozi mmoja mmoja wa Rau mtaji wa boila ni mkubwa mno.

Barabara ya ghala

Kuna watakaosema: Rufiji imejaa, ghala la nini tena? Wanasahau barabara. Kutoka Rufiji hadi Moshi ni mamia ya kilomita za nyaya, na umeme hupungua njiani kama maziwa kwenye gari bovu. Machi 9, 2025, akiwa mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alisema Serikali inakusudia kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na kwamba upotevu wa kuusafirisha kutoka kusini unagharimu shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Watu waliuliza vipi tujenge bwawa la matrilioni kisha tununue nje.

Kwa maoni ya ukurasa huu, waliopiga kelele walichanganya kiasi na mahali. Njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, kupitia Namanga na Arusha hadi Singida iliwashwa Desemba 2024. Ethiopia imeshaunganishwa na Kenya tangu Novemba 2022 kwa njia ya zaidi ya kilomita 1,000, na Kenya inanunua kwa senti 6.5 za Dola ya Marekani kwa uniti. Njia hiyo hupitisha umeme pande zote mbili. Kenya ikipungukiwa saa mbili usiku, Rufiji inaweza kumuuzia. Usiku wa manane Kenya ikiwa na mvuke wa kumwaga, sisi tunaweza kufunga maji yetu na kununua mvuke huo kwa bei ya kutupa. Jirani mwenye mahitaji ya saa tofauti ni ghala pia. Swali la kuulizwa ni bei na masharti ya mkataba, hasa kama tutalazimika kulipia hata tusichotumia. Tanzania ina makovu ya mikataba ya umeme: IPTL ya mwaka 1995, Richmond ya mwaka 2006 iliyomwondoa Waziri Mkuu Februari 2008. Yote miwili ilisainiwa katika miaka ya ukame, wakati mnunuzi ana njaa na muuzaji anajua. Nchi yenye akiba hainunui kwa namna hiyo.

Betri ya dukani: piga hesabu kwanza

Tuje kwenye mfuko wa msomaji. Bei ya betri za lithiamu duniani imeporomoka, na mwaka 2024 wastani wa pakiti ulifika Dola 115 kwa uniti moja ya uwezo, wakati miaka kumi na tano nyuma ilikuwa zaidi ya Dola 1,000. Malawi, nchi isiyotuzidi utajiri, ilifungua mwaka 2022 kituo cha jua cha Golomoti, megawati 20, chenye betri ya megawati 5 inayoshika uniti 10,000. Madukani kwetu betri za ukutani zimekuwa bidhaa ya kawaida, na wauzaji wanazisifu kama zamani walivyosifu jenereta.

Chukua mfano, si bei ya duka lolote. Betri ya uniti 5 kwa Sh. 3,000,000, inayotumika hadi asilimia 90 na kudumu mizunguko 4,000. Ukiijaza na kuimaliza kila siku kwa miaka kumi na moja, itakuwa imepitisha uniti 18,000. Gharama ya kuhifadhi ni Sh. 167 kwa uniti, bila paneli na inveta. Sasa itumie siku za kukatika umeme tu, tuseme siku 40 kwa mwaka kwa miaka kumi. Itapitisha uniti 1,800, na kila moja itakuwa imekugharimu Sh. 1,667. Jenereta ndogo inayotoa uniti mbili kwa lita, petroli ikiwa Sh. 3,000, inakula mafuta ya Sh. 1,500 kwa uniti.

Yaani betri inayokaa ikisubiri umeme ukatike ni ghali kuliko jenereta inayolaumiwa, na inayofanya kazi kila siku ni rahisi mara kumi. Ni hesabu ile ile ya duka: mtaji unaozunguka kila siku na mtaji uliolala kwenye rafu. Anayenunua betri bila paneli za kuijaza mchana na kazi ya kuitumia kila jioni ananunua bima, na bima ni kitu halali, ila asidanganywe kwamba ni uwekezaji.

Bei ya TANESCO kwa mteja wa kawaida wa biashara, daraja la T1, ilipangwa Aprili 2016 kuwa Sh. 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inafika kama Sh. 356. Ni hiyo hiyo saa nane mchana, saa mbili usiku na alfajiri. Kenya tangu Desemba 2017 wenye viwanda wanaoongeza matumizi usiku hulipa nusu ya bei ya uniti. Hapa mkobozi wa mpunga ambaye angeweza kusogeza kazi yake hadi saa sita usiku hana sababu ya kumnyima mlinzi usingizi. Wepesi wa bei rahisi kuliko wote, ule wa mteja kubadili saa, tumeuacha mezani. Mpunga uliokobolewa usiku haupotezi ladha. Maji yaliyogandishwa alfajiri yanapoza nyama ya bucha hadi mchana, na barafu haikuhitaji kutoka China.

Kwa mwenye akiba ndogo anayetaka kuingia upande wa hisa na hati fungani, mlango si mpana. TANESCO haiko kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. KenGen imo Nairobi tangu mwaka 2006. Hapa nyumbani hati fungani za kijani zimepata wanunuzi: Kijani Bond ya CRDB mwaka 2023 ilitafuta shilingi bilioni 40 ikapata bilioni 171.8, na ya Mamlaka ya Maji Tanga mwaka 2024, bilioni 53.12 kwa miaka kumi, ilitoa riba ya asilimia 13.5. Mahitaji hayo yanaonyesha fedha zipo. Bado hatujaona hati ya kujenga ghala la umeme, na itakapokuja, msomaji aangalie kwanza mapato yake yanatoka wapi: kwenye bei ya msimu iliyoandikwa, au kwenye matumaini.

Kwa sasa mwenye mashine Rau atazame mambo mawili kati ya Agosti na Novemba: kina cha Nyumba ya Mungu, na tangazo lolote la EWURA juu ya bei za saa. Anayefikiria kununua betri kabla ya hapo aandike kwa mwezi mmoja saa zote umeme ulipokatika na uniti alizohitaji, kisha aende dukani na karatasi hiyo.